Siku ngapi zinatosha Märchenstraße, ile njia ya ngano ya Ujerumani, Hanau hadi Bremen?

Siku tano, sita ukitaka kupumua. Njia ni kama kilomita 600, ila ukiiachia ramani ya simu ichague itakupitisha barabara kuu ya A7, na hapo utakuwa umeona malori tu. Zima barabara kuu kwenye mipangilio.

Chukua gari Frankfurt. Hanau, walikozaliwa ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano, ni karibu sana. Pita Steinau walikokulia, kisha Marburg. Kassel lala usiku mmoja, lakini usifike Jumatatu: Grimmwelt, makumbusho ya ndugu hao, hufungwa. Utamu wenyewe uko baada ya hapo: ngome za Sababurg na Trendelburg, kisha ufuate mto Weser kwa barabara ya B80 hadi Bad Karlshafen na B83 hadi Hameln. Panga Hameln iwe Jumapili saa sita mchana. Kati ya katikati ya Mei na katikati ya Septemba, igizo la ngano ya mpiga filimbi na panya huonyeshwa bure mjini.

Wanaotoka kwetu, tuliozoea kuendesha kushoto, hukwama hapa: kwenye makutano yasiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama kijia chake ni kichochoro. Palipo na alama ya kidiski cha maegesho (kadi ya saa inayoachwa kwenye dashibodi kuonyesha ulipofika), weka mshale kwenye nusu saa inayofuata muda uliofika. Beba leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani.

Bremen, shika miguu ya punda wa sanamu ya Wanamuziki wa Bremen kwa mikono miwili. Ukishika kwa mmoja, wenyeji husema punda wawili wanasalimiana.