Kwa mnaoanza kufuatilia bajeti ya ulinzi bungeni

Siku ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) pale Dodoma, kwa kawaida mwezi Mei, jukwaa la wageni hujaa magwanda. Waziri anasoma hotuba, kamati inasoma maoni yake, wabunge wanachangia, wengi wakianza kwa kulipongeza jeshi, na muda si mrefu mafungu yote, yaani sehemu za bajeti ambazo Bunge huidhinisha, yamepita. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza kwangu kazi hii ya kuandika habari za bajeti aliniuliza tukiwa tunatoka getini: "Kaka, sasa hapo siasa ilikuwa wapi?" Swali lake ni zuri, na kila anayeanza hulifikia. Nimefanya kazi hii miaka mingi, kwa hiyo nimeona niandike nilichomjibu.

Elewa kwanza kwa nini mafungu hupita. Ibara ya 90 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mbunge anayesema "hapana" kwenye bajeti anajua anaweza kurudi jimboni kuomba kura kabla ya wakati. Ibara ya 99 nayo inazuia Bunge kushughulikia nyongeza ya matumizi mpaka Rais awe amependekeza kupitia kwa Waziri. Hapa ndipo vitabu vya chuo vinapowapoteza wengi, kwa sababu vingi vimeandikwa kuhusu Marekani. Kule mwaka 2012 jeshi la nchi kavu lilisema halihitaji kuendelea kutengeneza upya vifaru vya Abrams kwa wakati ule, lakini Bunge la Congress likatenga fedha hata hivyo, wabunge wakikitetea kiwanda cha Lima, Ohio. Mbunge wetu hana uwezo huo. Ukija Dodoma kumtafuta mbunge anayeongeza vifaru ili kiwanda cha jimboni kipate kazi, utarudi mikono mitupu.

Siasa ipo kabla ya siku ile na baada yake. Kabla, iko kwenye ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha, ambao Hazina inaipa kila wizara, na kwenye vikao vya kamati ya kudumu inayosimamia mambo ya nje, ulinzi na usalama. Wabunge wa kamati hupewa randama, yaani maelezo ya kina ya bajeti ya wizara, nawe huipati. Lakini maoni ya kamati yakisomwa ukumbini yanaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na hapo ndipo nawasihi msome kila sentensi. Kamati ikiandika kwamba "fedha za maendeleo hazikutolewa kwa wakati", usiipite kama maneno ya kawaida. Katika lugha ya pale, hayo ni malalamiko mazito.

Baada ya siku ile, siasa iko kwenye fedha zilizopokelewa. Kuidhinishwa ni jambo moja, kutoka Hazina ni jingine. Kila hotuba ya Waziri ina aya inayosema hadi mwezi fulani Wizara ilikuwa imepokea kiasi gani, sawa na asilimia ngapi ya bajeti. Aya hiyo kwangu ina thamani kuliko kurasa zote za mwanzo.

Mfano mkubwa kuliko wote ni JKT yenyewe, na nitaukalia kidogo kwa sababu unafundisha karibu kila kitu. Jeshi hili lilianza tarehe 10 Julai 1963 kwa kujitolea. Mwaka 1966 Serikali ikapeleka bungeni mpango wa kuwalazimisha wasomi kulitumikia, na sehemu ya mshahara wao ikatwe kwa kipindi hicho. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kuupinga. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mishahara ya viongozi, wake ukiwa wa kwanza, kwa asilimia 20. Sheria ikabaki palepale. Kwa miaka mingi waliomaliza kidato cha sita walikwenda kwa mujibu wa sheria.

Halafu mwaka 1994 mafunzo hayo yakasitishwa kwa sababu ya ukata. Sheria haikufutwa, wala hakukuwa na kura kubwa ya kusema Tanzania imeachana na sera hii. Fedha ziliisha, makambi yakanyamaza, na kizazi kizima kikapita bila kuvaa gwanda huku sheria ikiendelea kukaa vitabuni. Mafunzo yaliporudi mwaka 2013, baadhi ya wabunge vijana walikwenda kambini wenyewe. Tangu hapo hoja inayorudi bungeni karibu kila Mei ni ile ile: kwa nini vijana wanaoitwa ni wachache kuliko waliomaliza shule? Jibu ni uwezo wa makambi, na uwezo wa makambi ni fedha za maendeleo. Ndiyo maana nawaambia, msiulize tu sheria inasema nini. Fungueni kifungu cha bajeti muone kama kuna hela ya kuitekeleza.

Sasa vitabu vya bajeti. Wizara hii ina mafungu matatu: Fungu 57 la Wizara, Fungu 38 la Ngome, yaani jeshi la ulinzi lenyewe, na Fungu 39 la JKT. Matumizi ya kawaida ya wizara yako Kitabu cha Pili, miradi ya maendeleo iko Kitabu cha Nne. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwamba bajeti ya ulinzi imepanda, maana yake silaha zinanunuliwa. Taarifa ilichapwa. Baadaye mzee mmoja aliyestaafu utumishi akanikalisha chini, akafungua Kitabu cha Pili na kunionyesha kwa kidole: mishahara, posho, chakula cha askari. Nyongeza karibu yote ilikuwa ya kulisha na kulipa watu. Niliumia, kwa sababu wasomaji wangu walikuwa wameniamini. Tangu siku hiyo siandiki jumla ya Wizara kabla sijaigawa kwa mafungu, na kila fungu nikaligawa tena: mishahara, matumizi mengineyo, maendeleo.

Ukikaa ukumbini, sikiliza pia maswali ya ardhi. Mbunge atasimama aulize ni lini Serikali itawalipa fidia wananchi waliopisha kambi ya jeshi jimboni kwake. Wageni husinzia hapo. Mimi ndipo ninapochukua kalamu, maana hilo ndilo eneo ambalo mbunge wa kawaida anaibana wizara ya ulinzi kwa kweli. Wakati wa Kamati ya Matumizi, Bunge linapopitia mafungu moja moja, anaweza kutishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kutaka shilingi moja izuiwe kwenye mshahara huo, mpaka apewe maelezo ya kuridhisha. Mara nyingi shilingi inarudi. Lakini ahadi iliyotolewa ili irudi imeandikwa kwenye Hansard, na mwaka unaofuata unaweza kuitafuta kwenye orodha ya fidia zilizolipwa.

Kuna suala la rada pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilinunua rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Ubishi kuhusu bei ulikuwa mkali London, hata waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, aliupinga mkataba waziwazi. Mwaka 2010 kampuni ilikiri kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu, ikakubali kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Malipo yakachelewa. Mwaka 2011 ujumbe wa wabunge wetu, ukiongozwa na Job Ndugai aliyekuwa Naibu Spika, ulikwenda London kuzidai, na kamati ya Bunge la Uingereza ikawahoji watu wa kampuni hadharani. Mwaka 2012 hela ikaja, ikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu waliiita chenji ya rada. Nikisikia mtu akisema wabunge hawana la kufanya kwenye ununuzi wa ulinzi, namkumbusha madawati hayo. Ila najiuliza pia ingekuwaje maswali yale yangeulizwa kwa ukali huo huo kabla ya kulipa.

Mkilinganisha na jirani, anzeni na Katiba zenyewe. Kenya, ibara ya 240, inataka idhini ya Bunge kabla ya kupeleka jeshi nje, na ibara ya 241 inataka idhini ya Bunge la Taifa jeshi likitumika kurejesha amani ndani ya nchi. Ndiyo maana Juni 2024, wakati wa maandamano, hoja ilipelekwa bungeni haraka. Kwetu ibara ya 44 inampa Rais kutangaza vita, kisha Spika anaitisha Bunge ndani ya siku 14 lifikirie kuunga mkono. Kuhusu kupeleka askari kulinda amani, kama walivyokwenda Kongo mwaka 2013, Katiba yetu haikuweka sharti kama la Kenya.

Na tafadhali, mkipewa karatasi yenye muhuri wa siri, irudisheni. Ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na haimbembelezi mtu. Yaliyochapishwa yanatosha kazi ya miaka.

Kwa wiki hii chukueni Fungu 39 tu, miaka mitano. Chora safu tatu: kilichoombwa, kilichoidhinishwa, kilichopokelewa. Safu ya tatu mtaikuta ndani ya hotuba ya mwaka unaofuata, mara nyingi kwenye aya fupi ambayo Waziri huisoma haraka.