Maswali ya Wasomaji: Tunaokutana Nao Njiani Tukiwa kwenye Baiskeli

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu hupenda kuendesha baiskeli taratibu katika njia za msituni, si kwa mashindano bali kwa kujiburudisha. Njiani tunakutana na watu wengi tusiowajua, na mara kwa mara salamu ya kawaida hugeuka kuwa mazungumzo marefu, kisha tunaagana bila hata kujuana majina. Mimi hufurahi sana, lakini mwenzangu anasema kwamba aliyekwenda msituni amefuata utulivu, kwa hiyo kumsemesha ni kumsumbua. Ni nani kati yetu aliye sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ana hoja, kwani wapo wanaokwenda msituni kutafuta ukimya, nao wanastahili kuupata, hata hivyo, mimi nakubaliana nawe zaidi. Watu wengi hukadiria vibaya jinsi mazungumzo na mtu wasiyemjua yatakavyokuwa. Mwaka 2014 watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa abiria wa treni na mabasi mjini Chicago: baadhi ya abiria waliombwa wazungumze na mtu wasiyemfahamu, wengine wakae peke yao kimya, na wengine wafanye kama walivyozoea. Waliozungumza walisema safari yao ilikuwa ya kupendeza zaidi, ilhali watu walioombwa kutabiri tu walidhani kwamba kukaa kimya ndiko kungependeza. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018 na Erica Boothby na wenzake, ulionyesha kwamba baada ya mazungumzo ya kwanza watu hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kwa kweli. Tena abiria aliye ndani ya treni hana pa kwenda hadi kituo kifuatacho, lakini njiani kila mmoja yuko huru kuondoka wakati wowote, na kwa maoni yangu uhuru huo ndio unaoyafanya mazungumzo ya huko yawe mepesi.

Mwendo wenu wa taratibu nao unasaidia. Anayeendesha kwa kilomita 15 kwa saa akimwona mtu anayemjia kwa miguu umbali wa mita 60, watakutana baada ya sekunde 11 hivi, na muda huo unatosha kabisa kumsoma. Akiinua uso, akipunguza hatua au akitazama baiskeli yako kwa udadisi, msalimie na uwe tayari kukanyaga breki. Akiwa ameinamisha macho, ameziba masikio kwa vipokea sauti au anaongeza mwendo, salamu fupi inatosha. Mpite bila kumtazamia jibu wala kumhesabia kosa asipolitoa. Jambo la kuanzia mara nyingi ni njia yenyewe: kuna mti ulioanguka huko mbele, tope limefika wapi, kijito kinavukika?

Mazungumzo yanayonoga zaidi, hata hivyo, huzaliwa pale penye shida ndogo, hasa pancha. Mmoja analishikilia gurudumu, mwingine anapitisha vidole polepole ndani ya tairi akiutafuta mwiba, kwa sababu usipotolewa utaitoboa hata tyubu mpya. Kisha inagundulika kwamba pampu iliyopo ni ya valvu nene na tyubu ina valvu nyembamba, kwa hiyo wote wawili wanakaa kumsubiri mpita njia wa tatu mwenye pampu inayofaa. Macho yako kwenye kazi, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, na maneno yanakuja yenyewe. Mwanasosholojia wa Ujerumani, Georg Simmel, aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni anayepita mara nyingi huelezwa siri ambazo watu huwaficha walio karibu nao. Ndiyo maana mtu aliyesimama kukusaidia kubandika kiraka anaweza kukusimulia habari za msiba wake au za mwanawe waliyekosana, mambo ambayo pengine nduguze hawajayasikia. Akifika hapo, msikilize mpaka amalize, na usimharakishe kumpa ushauri. Wala usisikitike kwamba mliachana bila kupeana majina. Huenda asingesema lolote kama angejua kwamba mtaonana tena wiki ijayo.

Kuhusu mwenzako, pataneni kabla ya kuondoka: wewe ukisimama kuzungumza, yeye aendelee taratibu na kukusubiri kwenye njia panda inayofuata. Naye ana haki ya kuufurahia msitu kwa namna yake.

SWALI: Ninapowafikia watu kutokea nyuma, wengi hushtuka, na wengine hunikasirikia hata nikiwa nimepiga kengele. Nifanye nini?

JIBU: Huenda unaipiga kengele ukiwa umeshamkaribia mno. Baiskeli haina mlio, na kengele inayolia mgongoni pa mtu humfanya aruke upande wowote, pengine upande ule ule unaotaka kupita. Piga ukiwa umbali wa mita 20 au 30, punguza mwendo hadi ulingane na wa mtembea kwa miguu, kisha tumia sauti yako: msalimie, mwambie unapita upande gani, na kama mko wengi mwambie wangapi wanakufuata, asije akarudi katikati ya njia akidhani mmekwisha. Katika njia nyingi zinazotumiwa na watu wa aina mbalimbali, mwendesha baiskeli ndiye anayewapisha watembea kwa miguu na wapanda farasi, na anayeteremka humpisha anayepanda. Kibao cha mahali hapo kikisema vingine, fuata kibao. Ukimwona mtu na mbwa kila mmoja upande wake wa njia, tafuta kwa macho kamba iliyo kati yao kabla ya kusonga mbele.

Farasi anahitaji uangalifu wa pekee. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, na kitu kinachomjia kimya kutoka huko hukichukulia kama hatari. Simama mbali, zungumza ili atambue kwamba wewe ni binadamu, na umwachie aliyempanda akuelekeze lini na wapi upite.

SWALI: Mimi ni mwanamke na mara nyingi naendesha peke yangu. Napenda kuzungumza na watu, lakini hivi karibuni mtu mmoja aliniuliza ninaishi wapi, ninapita pale siku gani na kama nina mwenzangu nyuma. Nilimjibu kwa adabu huku moyo ukinidunda. Je, nilikuwa na hofu isiyo na msingi?

JIBU: Hapana, dada yangu. Anayeuliza habari za njia anaomba msaada. Anayetaka kujua ratiba yako na kama uko peke yako anauliza mambo yasiyomhusu, na huna deni la jibu. Unapokaribia mtu usiyemjua, teremsha gia mapema ili uweze kuondoka kwa wepesi, simama mguu mmoja ukiwa chini bila kushuka kwenye baiskeli, na usikubali mtu aushike usukani. Mazungumzo yakikukosesha raha, sema, "Naendelea na safari," uondoke wakati huo huo kuelekea palipo na watu. Kabla ya kutoka nyumbani, mwachie mtu unayemwamini habari za njia utakayopita na saa unayotarajia kurudi. Ukimkuta tena mtu yule yule akikungoja mahali pale pale, badili siku na mahali pa kuingilia, na uwaarifu wasimamizi wa njia hiyo au polisi.