Baba kazidiwa siku ya tatu baada ya kiharusi: tumpe diklofenaki?

Pole sana, dada. Umesema daktari ametaja uvimbe wa ubongo, na jirani anashauri diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe. Msimpe! Seli zikifa kwa kukosa damu, kinga ya mwili hukimbilia pale kusafisha mabaki. Kemikali inazomwaga hulegeza kuta za mishipa, maji yanavuja, na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Kilele huwa kati ya siku ya 2 na ya 5, ndiyo maana kasinzia leo. Diklofenaki haizuii hilo, tena yenyewe huongeza hatari ya kiharusi. Hata deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, hapa haisaidii. Akitapika, asipoamshika, au mboni moja ikitanuka kuliko ya pili, mwiteni nesi hapo hapo. Na uji asinyweshwe kabla hajapimwa kumeza.