Maswali ya Wasomaji: Kujiombea grini kadi bila mwajiri

Tangu Septemba 2025, Trump alipotangaza ile ada ya dola 100,000 kwa kampuni inayomleta mtu mpya kutoka nje kwa H-1B (viza ya kazi ya wataalamu), barua zetu zimebadilika kabisa. Zamani watu waliuliza nani atanisponsa, siku hizi wanauliza hivi inawezekana nikajisponsa mwenyewe? Inawezekana, sheria ipo na ni ya siku nyingi, ila sio kwa kila mtu na sio kama wanavyoieleza kwenye magrupu ya WhatsApp. Leo tumechukua tatu. Majina mawili mtayaona sana: EB-1A ni grini kadi ya watu waliofika juu kabisa kwenye fani yao, na NIW, iliyo ndani ya kundi la EB-2, ni ya kusamehewa sharti la mwajiri kwa sababu kazi yako ina faida kwa Marekani nzima.

SWALI: Habari ya huko mhariri. Mimi ni Mkenya wa kutoka Uasin Gishu but sai niko Iowa, nilimaliza PhD ya magonjwa ya mimea na sai nafanya postdoki (utafiti wa baada ya PhD) hapa chuo nikiwa kwa OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo. Kazi yangu yote imekuwa ile ugonjwa ya mahindi iliharibu mashamba Bomet 2011, mahindi inakauka ikiwa bado kwa shamba. Nimeandika peipa sita na watu wanazitaja kiasi, pia majarida hunitumia peipa za wengine nizikague. Profesa wangu anasema chuo haisponsi postdoki kwa grini kadi. Sasa jamaa mmoja ananiambia nifile NIW, mwingine anasema nisijishushe nifile EB-1A juu niko na PhD. Loya naye anataka pesa mob sana. Nifanye gani? Na bibi yangu alikuja na viza ya J-1 ya mabadilishano kwa ufadhili wa Fulbright, hiyo iko na shida? – Msomaji, Iowa

JIBU: Hongera kwanza kwa PhD, ndugu yangu. Nianze na huyo anayekwambia usijishushe, maana anachanganya mambo. EB-1A na NIW sio cheo cha juu na cheo cha chini, ni maswali mawili tofauti unaulizwa. EB-1A inauliza: wewe ni miongoni mwa wale wachache kabisa waliofika juu kwenye fani yako? NIW inauliza: hiyo kazi unayotaka kuifanya Marekani ina maana gani kwa nchi nzima, na kwa nini wakuruhusu uifanye bila kwanza mwajiri kuhangaika kuthibitisha kwamba hakuna Mmarekani wa hiyo kazi? Zote mbili unatumia fomu ileile I-140 (ombi la uhamiaji wa kikazi), na zote unaweza kujaza wewe mwenyewe kama mwombaji, jina lako juu na jina lako chini.

EB-1A haihitaji hata digrii, ndo maana wakimbiaji na wanamuziki wanaipata. Kama huna tuzo kubwa ya kimataifa unatakiwa utimize angalau vigezo 3 kati ya 10. Wewe kukagua peipa za wengine ni kigezo, kuandika peipa ni kigezo, tayari una viwili na hapo ndo vijana wengi wanashangilia mapema. Cha tatu kwa mtafiti huwa ni mchango mkubwa kwenye fani, na hicho ndo kigumu, sio kwamba umegundua kitu kipya (kila PhD ina kitu kipya), bali watu wengine wamebadilisha namna wanavyofanya kazi kwa sababu yako. Na hata ukitimiza vitatu bado, tangu kesi ya mahakamani ya Kazarian ya 2010 afisa wa uhamiaji anakusanya kila kitu na kujiuliza mara ya pili, huyu kweli yuko juu? Postdoki wa peipa sita, nakwambia bila kukuficha, wengi wanaangukia hapo.

NIW ndo njia yako kwa sasa. Sharti la mlangoni ni digrii ya juu, masters au zaidi, au digrii ya kwanza na miaka 5 ya kazi inayopanda, na wewe hilo umelivuka. Baada ya hapo kuna maswali matatu yaliyowekwa na uamuzi wa Dhanasar wa Desemba 2016, huyo alikuwa mhandisi wa mambo ya anga na kesi yake ndo inayotumika mpaka leo. La kwanza, kazi yako ina thamani na ina umuhimu wa kitaifa? La pili, wewe una uwezo wa kuisogeza mbele? La tatu, kwa kupima faida na hasara, Marekani inafaidika kukusamehe lile sharti la mwajiri?

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndo watu wanakosea. Wanaandika kurasa 30 za "mimi ni bora". Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini kwenye I-140 hakijiuzi hata kidogo, na usipomwambia afisa hiyo kazi inamhusu nini mkulima wa Nebraska yeye hatakwenda kutafuta. Afisa sio mtu wa kilimo. Barua yako inaongelea Bomet, vizuri, ila Bomet ni historia yako sio hoja yako. Hoja yako ni kwamba huo ugonjwa unaletwa na virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja, na Marekani wanaujua vizuri tu, uliripotiwa Kansas miaka ya 1970, kabla hata Kenya hawajausikia. Na unakaa Iowa, jimbo linaloongoza kwa mahindi nchi nzima! Yani hoja iko nje ya dirisha lako. Andika unataka kufanya nini hasa, mbegu stahimilivu au namna ya kugundua virusi mapema au kitu gani, utafanyia wapi, nani ataitumia, miaka 3 ijayo inaendaje. "Nitaendelea kufanya utafiti na kufundisha" sio mpango, kufundisha wanafunzi wako hakuitwi umuhimu wa kitaifa, hata Dhanasar mwenyewe kwenye kufundisha hakupita, alipita kwa utafiti.

Barua za wataalamu. Profesa wako atakuandikia na ni lazima, yeye ndo anajua ulifanya nini, lakini yeye ni mtu wako. Zenye nguvu ni za watu ambao hamjawahi kufanya kazi pamoja, aliyesoma peipa yako akaitumia, mtu wa wizara ya kilimo au wa kampuni ya mbegu anayesema mbinu yake tuliijaribu ikatusaidia hivi na hivi. Chonde usiandike barua zote wewe halafu wakasaini tu, maofisa wanasoma barua kila siku, wakiona watu watano wa nchi tofauti wote wanatumia sentensi moja wanajua ni mkono wa mtu mmoja.

Hela sasa. Fomu ya I-140 ni dola 715, juu yake kuna ile ada ya mpango wa waomba hifadhi, kampuni kubwa inalipa 600 ila anayejiombea analipa 300. Ukitaka jibu la haraka unaongeza zaidi ya dola 2,800 na wanakujibu ndani ya siku 45 za kazi kwa NIW, EB-1A ni siku 15. Jibu lenyewe sio lazima liwe ndio, inaweza kuwa barua ya kutaka ushahidi zaidi, wanaita RFE, usipaniki ukiipata, ijibu kwa ushahidi mpya na sio kwa kurudia yaleyale kwa herufi nzito. Wakili sio lazima kisheria, mtu anayeandika vizuri na ana muda anaweza. Kama hela ipo mi ningemlipa wakili walau aisome kesi kabla haijatumwa, lakini yule anayekuahidi kupita kabla hata hajaona CV yako, kimbia.

Ila elewa hiyo haraka unayolipia ni ya uamuzi wa I-140 tu. Foleni ya viza haiuzwi. Siku wanayopokea fomu yako ndo tarehe yako ya foleni, na kila mwezi wizara ya mambo ya nje ya Marekani inatoa Viza Buletini inayoonyesha wamefika tarehe ipi. EB-2 hata kwa sisi wa nchi zisizo na msongamano iliingia foleni mwishoni mwa 2022. Kwa hiyo faili mapema, ukikua baadae ukafikia EB-1A, ile tarehe ya NIW iliyokubaliwa unahama nayo. Hapo ndo faida ya kuanza na NIW inapoonekana.

Halafu I-140 ikikubaliwa haikupi ruhusa ya kukaa wala kufanya kazi, wengi hawaelewi hili, OPT yako ikiisha imeisha, omba nyongeza ya miezi 24 ya wanasayansi kwa wakati. Pia umeshatangaza kwamba unataka kubaki, na viza ya F-1 ya wanafunzi ni ya mtu anayerudi kwao, kwa hiyo kwenda Eldoret krismasi huku viza kwenye pasi imekwisha ni kamari. Fomu ya viza inauliza kama kuna ombi la uhamiaji limewahi kufailiwa kwa ajili yako, na kujifailia mwenyewe ni kufailiwa, jibu ndio. Ukidanganya hapo umeua kila kitu.

Mkeo. Fulbright hulipiwa na serikali ya Marekani, na J-1 ya namna hiyo inakuja na sharti la kurudi nyumbani kukaa miaka 2. Haizuii I-140 yako, wala haikuzuii wewe kama hujawahi kuwa na J-1 yako au J-2 ya kumfuata yeye. Ila yeye hawezi kupewa grini kadi kupitia kwako mpaka amalize hiyo miaka 2 au apate msamaha, na kwa waliolipiwa na serikali ya Marekani barua ya serikali ya Kenya kwamba haina pingamizi mara nyingi haifui dafu. Angalieni DS-2019 yake, ile fomu ya programu ya J-1, leo muone kama sharti hilo limo, kabla hujatumia hata dola moja.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni nesi, kwetu Tanga ila nafanya kazi hapa Muscat mwaka wa saba sasa, nina digrii. Kuna wakala hapa anasema Marekani wana uhaba wa manesi kwahiyo atanifanyia NIW nijiombee mwenyewe bila hospitali, anataka dola 4,000 nusu kwanza. Nimpe? – Mama wa wawili, Muscat

JIBU: Marahaba dada yangu. Usimpe.

Uhaba ni kweli upo, lakini uhaba peke yake sio hoja ya NIW, upungufu wa wafanyakazi una njia yake nyingine. Na nyinyi manesi mna njia yenu kabisa inaitwa Schedule A, serikali yao imeshakubali kwamba manesi hawatoshi kwahiyo mwajiri anaruka ule mchakato mrefu wa kutafuta Mmarekani kwanza. Lakini mwajiri lazima awepo, hospitali inakuombea. Unachohitaji wewe ni kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi Marekani, na kupata cheti cha VisaScreen cha kuhakiki masomo na leseni yako, hivyo anza navyo, ni vyako hata mpango wa Marekani ukifa. Madaktari ndo wana NIW yao ya pekee, wanakubali kufanya kazi miaka 5 kwenye maeneo yenye uhaba, huyo wakala pengine aliisikia hiyo akaibeba nusu nusu.

Na kuna kubwa zaidi ambalo kama hakukwambia basi anakuibia kwa macho makavu. Tangazo la rais la Desemba 2025 limeiingiza Tanzania kwenye nchi zilizowekewa zuio la sehemu la kuingia Marekani kuanzia 1 Januari 2026, na viza za uhamiaji zimo humo, Burundi wao waliingizwa mapema, Juni 2025. I-140 inaweza kukubaliwa na viza ubalozini isitoke. Matangazo haya hubadilika, zuio likiondoka ndo utafute hospitali, saa hizi soma NCLEX.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi nimezaliwa Mombasa, wazee wangu asili yao Gujarat, mume wangu yeye kazaliwa Ahmedabad. Tuko Houston, wote mainjinia, yeye NIW yake imekubaliwa lakini wanasema foleni ya India ni miaka na miaka. Watu wanatuambia na mie nikiomba ntawekwa foleni hiyohiyo kwa vile ni Muhindi. Na binti yetu ana miaka 19. – Bi wa Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam bibie. Hao watu hawajui. Foleni haiangalii asili wala dini wala jina, inaangalia nchi uliyozaliwa. Wewe ni wa Kenya. Hakuna nchi inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya viza hizi kwa mwaka na India imefurika, EB-2 yao iko nyuma zaidi ya miaka 10, Kenya haimo kwenye msongamano huo.

Tena kizuri zaidi, sheria inaruhusu mume akae kwenye foleni ya nchi aliyozaliwa mke, na kinyume chake, ili familia isitengane. Maana yake I-140 ya mumeo iliyokwishakubaliwa, na tarehe yake ileile, inaweza kusomwa kwa Kenya kupitia cheti chako cha kuzaliwa, bila wewe kufaili NIW yoyote mpya. Sharti ni wote wawili muombe pamoja. Mwambieni wakili wenu wiki hii hii, na kama alikuwa anajua umezaliwa Mombasa na hakusema kitu, mi ningebadilisha wakili.

Binti ndo wa kukimbilia. Mtoto anahesabika kabla ya 21 na akiwa hajaolewa. Kuna sheria ya 2002 inayopunguza umri wake kwa zile siku ambazo I-140 ilikaa ikisubiri uamuzi, kwahiyo kama mumeo alilipia jibu la haraka siku za kupunguza ni chache, ajabu lakini ndivyo ilivyo. Angalieni Viza Buletini kwa tarehe ya mumeo upande wa nchi zote, sio upande wa India, na kama imefikiwa binti afaili fomu yake ya I-485, ile ya kuomba grini kadi yenyewe mkiwa ndani ya Marekani, siku moja na nyie. Cheti chako cha kuzaliwa kama ni kile cha zamani cha mkono ombeni kipya Kenya sasa hivi, kinaweza kuchukua muda kuliko mnavyodhani.