Kozi ya kuongea mbele za watu, mwaka wa kwanza au usubiri?
Dogo, umeuliza uichukue semista hii au uisogeze hadi mwaka wa tatu, mi nakwambia chukua sasa hivi, presenteshen za semina hazikungojei, wiki chache tu lekchara anawagawa makundi na maksi zinahesabika, tena ni Kiingereza na wengi tumetoka shule za kata huko Kiingereza kilikuwa cha kwenye notsi tu. Saa hizi wote mnatetemeka, nani atamcheka mwenzie?

Ila kama una masomo mazito tayari usijibebeshe, nenda klabu ya midahalo. Na slaidi usizisome jamani (hata malekchara wengine wanasoma), andika vimaneno vitatu kwenye kikaratasi, angalia wa viti vya nyuma, ukisahau nyamaza kidogo, kunywa maji, endelea.