Fundi AC wa Texas, usiage kazi bila saini

Nilipofika Houston nilikuwa na miaka 9 ya kutengeneza friji na AC Dar es Salaam, na cheti cha VETA nilichokitunza kwenye bahasha ya plastiki. Kazi naijua. Kilichonikwamisha ni makaratasi, na ninaandika ili ndugu yangu unayeanza usipoteze muda nilioupoteza mimi.

Anza na EPA 608. Ni mtihani wa serikali kuu, chini ya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, kuhusu gesi za kupoza zilizomo kwenye friji na AC. Bila cheti chake huruhusiwi kufungua mfumo wenye gesi katika jimbo lolote la Marekani. Fanya ule wa jumla, Universal: sehemu 4, maswali 25 kila moja, na upate angalau 18 katika kila sehemu. Soma sana habari ya kuvuta gesi na kuirudisha kwenye mtungi, maana kule nyumbani wengi tulizoea kuiachia hewani. Ukifaulu, cheti hakina mwisho.

Leseni ni habari ya kila jimbo. New York haina leseni ya jimbo zima kwa kazi hii. Texas inayo, na inasimamiwa na idara iitwayo TDLR. Jisajili huko kama fundi kabla hujashika spana. Ukitaka biashara yako mwenyewe, utaomba leseni ya mkandarasi: daraja B kwa mitambo ya kupoza isiyozidi tani 25 (tani hapa ni kipimo cha nguvu ya kupoza, si uzito; tani 1 ni BTU 12,000 kwa saa, BTU ikiwa kipimo cha joto), au daraja A isiyo na kikomo. Zote zinadai mtihani, na njia ya kawaida ni miezi 48 ya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni, ndani ya miezi 72 iliyopita.

Kwenye hiyo miezi ndipo nilipoumia. Miaka 2 ya mwanzo nilimfanyia kazi mkandarasi mmoja, nikipanda mapaa kwenye jua la Agosti, na sikudai karatasi yoyote. Biashara yake ikafungwa, simu ikawa haipokelewi. Nilipojaza maombi hakuwepo wa kunithibitishia. Miezi 24 ikaenda hivyo hivyo, na bado inaniuma.

Kwa hiyo, kaka, dada, siku unayoaga kazi, fomu ya kuthibitisha uzoefu isainiwe kabla hujarudisha funguo za gari. Nakili namba ya leseni ya bosi tangu siku ya kwanza. Imeandikwa ubavuni mwa gari lake. Tunza na hati za mshahara za kila mwaka, hata za bosi mliyeachana vibaya.