Amua Kabla ya Amri Kufika

Kila msimu wa kusajili makurutu ukikaribia, vijana wa mtaa wetu hapa Kahawa West hunijia dukani kuniuliza jinsi ya kujiandaa kwa mbio na ukaguzi wa meno. Hayo huyajibu upesi, kisha nami huwauliza langu: utafanya nini siku utakapoamriwa kumuua mtu asiye na silaha?

Nilipokuwa kuruta, usiku mmoja bweni zima lilimpiga mwenzetu aliyetuponza kwa kuchelewa gwarideni. Sikumchukia, wala hakuna aliyenilazimisha. Niliinuka kwa sababu vitanda vya jirani vilikuwa vitupu, nami nikaona aibu changu kubaki na mtu. Aibu hiyo, ndogo kama ilivyo, ndiyo ninayowaonya vijana wasiidharau.

Mwezi Julai 1942, huko Józefów nchini Poland, Meja Wilhelm Trapp wa kikosi cha 101 cha polisi wa akiba wa Ujerumani aliwaambia askari wake, waliokaribia 500, kwamba mwenye umri mkubwa asiyeiweza kazi ya kuwaua Wayahudi wa mji ule ajitoe. Wa kwanza alipojitoa, kapteni wake alianza kumfokea. Trapp akamnyamazisha, ndipo wengine wakafuata, wote pamoja kama dazeni moja tu. Waliobaki hawakuwa wameshikiwa bunduki. Wengi wao hawakutaka kuonekana waoga mbele ya wenzao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutafuta mwenzako mapema. Hugh Thompson, rubani Mmarekani aliyetua kati ya askari wa nchi yake na wanakijiji waliokuwa wakiuawa nao huko My Lai, Vietnam, tarehe 16 Machi 1968, alikuwa na wenzake wawili ndani ya helikopta, Lawrence Colburn na Glenn Andreotta, waliokubali kusimama naye. Nishani ya ushujaa wa siku ile ilikuja mwaka 1998, na sitamficha kijana yeyote kwamba miaka iliyotangulia Thompson aliitwa msaliti.

Sheria nayo ijue: Mkataba wa Roma, ulioiunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2005, huihesabu amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu kuwa haramu waziwazi.

Ila sheria haitoki mdomoni yenyewe, hasa mbele ya mkubwa anayefoka. Ndiyo maana huwasimamisha vijana mbele ya duka, mikono ubavuni, watamke kwa sauti: “Afande, amri hiyo siwezi kuitekeleza.” Mara ya kwanza wengi hucheka, na sauti huwakauka.